Notisi ya kumwondoa mpangaji aliyekiuka mkataba: jinsi ya kuiandika nchini Kenya ikasimama mbele ya hakimu

Wenye nyumba wengi wanaoshindwa kesi za kuwaondoa wapangaji hawashindwi kwa sababu mpangaji hana kosa. Wanaangushwa na karatasi. Tarehe imehesabiwa vibaya, notisi imeandikwa kwa jina la mtu asiyekuwa kwenye mkataba, au kodi imepokelewa miezi miwili baada ya notisi kuisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpangaji anaweza kuwa na deni la miezi minne na bado wakili wake akaiangusha notisi hiyo asubuhi moja. Mwongozo huu unafuata sheria za Kenya, kuanzia siku unapogundua kosa hadi siku unapopokea funguo.

Kwanza, jua nyumba yako iko chini ya sheria gani

Hapa ndipo makosa makubwa huanzia, kwa sababu watu hunakili notisi ya jirani bila kujua kwamba jirani anapangisha duka na wao wanapangisha chumba cha kulala. Kuna makundi manne.

Kundi la kwanza ni nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kiwango (kodi inayotambuliwa kisheria kwa nyumba hiyo) haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Hizi ziko chini ya Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Notisi peke yake haimtoi mpangaji wa kundi hili. Ni lazima upate amri ya jopo la kodi za nyumba (Rent Restriction Tribunal), na jopo hilo litaangalia kama kosa lipo na pia kama ni haki kumtoa. Wenye vyumba vya mabati na ploti za zamani wasidhani kwamba udogo wa kodi unarahisisha mambo. Ni kinyume kabisa: mpangaji wa kodi ndogo ndiye mwenye ngao nene zaidi.

Kundi la pili ni maduka, hoteli na mikahawa, chini ya Sura ya 301. Neno “duka” hapo ni pana. Linajumlisha mahali popote panapotumika hasa kwa biashara ya rejareja au jumla, au kutoa huduma kwa malipo. Kinyozi yumo, fundi cherehani yumo, na saluni ya chini ya ghorofa yako imo. Ikiwa upangaji huo haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au una kipengele cha kuukatisha ndani ya miaka mitano bila kosa kutendeka, basi unalindwa na sheria hiyo. Hata mkataba ukisema “notisi ya mwezi mmoja”, mwezi huo mmoja hauna nguvu.

Kundi la tatu ni nyumba za kuishi zenye kodi ya zaidi ya hapo, ambazo mpangaji analipa mwezi hadi mwezi. Hizi ndizo nyingi mijini, na zinaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57. Mtu aliyeingia bila mkataba wa maandishi lakini analipa kodi na kukaa peke yake ndani ya nyumba yumo humu pia: sheria inamhesabu kuwa mpangaji wa vipindi, na kipindi chake ni kile anacholipia.

Kundi la nne ni mikataba ya muda maalumu ambayo muda wake haujaisha, tuseme mwaka mmoja na mpangaji yuko mwezi wa tano. Hapa huwezi kukatisha upangaji kwa kuwa umechoka naye. Unahitaji kosa, na unahitaji notisi ya kifungu cha 75 ya siku zisizopungua 30.

Mkataba wa mwaka ulioisha huku mpangaji akiendelea kukaa na wewe ukiendelea kupokea kodi huwa umehamia kundi la tatu. Kifungu cha 60 kinasema mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya upangaji kuisha, unazaliwa upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi. Shika kanuni hii, maana itarudi baadaye, na safari hiyo itakuwa upande wa mpangaji.

Pili, soma mkataba ukiwa na kalamu mkononi

Tafuta mambo matano: majina ya wapangaji wote waliosaini, tarehe ya kodi, muda wa notisi, kipengele hasa kilichovunjwa, na namna mliyokubaliana kupelekeana barua. Andika nambari ya kipengele. “Umekiuka masharti ya upangaji” ni maneno matupu. “Umekiuka kipengele cha 9 kinachokataza kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi” ni shtaka.

Ikiwa mkataba haukugusa jambo hilo, usikate tamaa. Sheria ya Ardhi inaingiza masharti fulani kwenye kila upangaji hata kama hayakuandikwa: mpangaji alipe kodi, atunze jengo, na asipangishe wala kumkabidhi mtu mwingine nyumba bila idhini yako ya maandishi. Lakini makelele, kufuga mbwa au kupika chapati za kuuza jikoni ni mambo yanayohitaji kuwa kwenye mkataba. Kama hayamo na mpangaji wako ni wa mwezi hadi mwezi, unaweza kumpa notisi ya kawaida ya kifungu cha 57 bila kutaja kosa lolote. Mara nyingi hiyo ndiyo njia fupi zaidi. Ukitaja kosa, utadaiwa ulithibitishe.

Tazama pia kama wewe mwenyewe una haki ya kusaini. Ajenti awe na barua ya kumruhusu. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, mtoto mkubwa hana mamlaka ya kutoa notisi kwa kuwa tu ni kifungua mimba. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyepewa hati na mahakama. Notisi nyingi za nyumba za urithi huangukia hapo kabla hata kosa la mpangaji halijajadiliwa.

Tatu, kusanya ushahidi kabla hujamwambia lolote

Mpangaji akishajua unaandaa notisi, tangazo la kukodisha nyumba kwa wageni linatoweka mtandaoni na mbwa anapelekwa kwa shangazi. Kwa hiyo piga picha ya tangazo kwenye skrini pamoja na tarehe, bei na picha za ndani zinazoonyesha ni nyumba yako. Kitabu cha wageni cha askari wa getini ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya jirani: kina majina, saa za kuingia na nambari ya nyumba. Jirani anayelalamika aandike barua yenye tarehe na tukio. “Anasumbua kila siku” haisaidii. “Usiku wa Jumamosi tarehe 4 Julai muziki ulipigwa hadi saa tisa” inasaidia.

Usiingie ndani kwa ufunguo wa akiba ukipiga picha mpangaji akiwa kazini. Una haki ya kukagua, lakini kwa wakati unaofaa na kwa taarifa. Mtumie ujumbe wa maandishi angalau siku moja kabla, nenda na mtu wa pili, na uondoke ukimaliza ulichoendea.

Kwa deni, tengeneza hesabu ya safu mwezi kwa mwezi: kilichotakiwa, kilicholipwa, nambari ya muamala wa M-Pesa, na salio. Tenga kodi na vitu vingine. Tuseme kodi ni Sh18,000. Julai alilipa Sh10,000, Agosti hakulipa kitu, na bili ya maji ni Sh1,350. Andika: kodi ya Julai Sh8,000, kodi ya Agosti Sh18,000, jumla ya kodi Sh26,000, maji Sh1,350, jumla kuu Sh27,350. Ukiandika Sh27,350 kwa mkupuo na mpangaji akathibitisha kuwa mita ya maji ilikuwa mbovu, hesabu yako yote inaonekana ya kubahatisha. Na usiongeze “faini ya kuchelewa” isiyomo kwenye mkataba.

Nne, barua ya kumtaka arekebishe

Kosa linaloweza kurekebishwa lipewe nafasi ya kurekebishwa. Kwa mkataba wa muda maalumu hili si hisani, ni sharti la kifungu cha 75: taja kosa lenyewe, kama linarekebishika, mtake alirekebishe katika muda wa haki unaoutaja, na kama kosa si la kodi, mdai fidia ya pesa. Muda wa notisi usipungue siku 30. Haki ya kuchukua nyumba inafunguka tu asipofanya hivyo. Mfano wa aya yake kuu:

*“Kinyume na kipengele cha 12 cha mkataba, umebomoa ukuta kati ya jiko na sebule bila idhini. Unatakiwa ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi hii (a) kuujenga upya ukuta huo kwa tofali za inchi 6 na kuupiga plasta na rangi kama ulivyokuwa, na (b) kulipa Sh7,500 nilizomlipa mhandisi wa ukaguzi, risiti imeambatishwa. Usipofanya hivyo nitachukua hatua za kuukatisha upangaji na kurudishiwa nyumba.”*

Kipimo cha tofali kimetajwa kwa makusudi. Barua inayosema “rekebisha uharibifu” inampa mpangaji nafasi ya kuweka mbao laini na kudai ametii.

Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi barua hii si lazima kisheria, isipokuwa mkataba uitake. Hata hivyo itume, na siku 14 zinatosha kwa makosa mengi. Faida yake ni mbili: wapangaji wengi hujirekebisha hapo hapo ukaokoa miezi ya nyumba tupu, na asiyejirekebisha anakuwa ameonywa kwa maandishi. Usichanganye onyo na notisi ya kuondoka kwenye karatasi moja. Barua inayosema “jirekebishe, la sivyo uondoke mwisho wa mwezi, ama tuzungumze” haimwambii mpangaji kama upangaji umekwisha au haujakwisha, na hakimu naye atakuuliza swali hilo hilo.

Tano, hesabu ya tarehe

Kifungu cha 57 kina masharti mawili, na watu hushika moja. Notisi isipungue urefu wa kipindi cha kodi, na iishe kwenye siku ambayo kodi hulipwa. Anayelipa kila mwezi anahitaji mwezi mzima, na mwisho wake uangukie siku ya kodi.

Chukua mpangaji anayelipa tarehe 1. Notisi inafika mkononi mwake tarehe 12 Agosti. Mwezi mmoja unatimia tarehe 12 Septemba, ambayo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Oktoba, na hiyo ndiyo tarehe ya kuandika. Anayeandika 12 Septemba ametoa notisi yenye kasoro. Anayetaka 1 Septemba alipaswa kuhakikisha notisi imefika kabla au ifikapo tarehe 1 Agosti, na mwenye busara huifikisha siku tatu nne kabla ili pasiwe na ubishi.

Mikataba mingi husema kodi ilipwe “kabla ya tarehe 5”. Siku hizo tano kwa kawaida ni muda wa hisani tu, na siku ya kodi inabaki tarehe 1. Angalia maneno kamili ya mkataba wako. Na kama mkataba unataka notisi ya miezi miwili, mpe miwili.

Kuna sentensi moja ya kinga inayofaa kuwekwa kila mara baada ya tarehe: *“au siku ya kwanza ya kodi itakayofika baada ya mwezi mmoja kutimia tangu upokee notisi hii, lolote litakalochelewa zaidi.”* Ikitokea barua imechelewa kufika, sentensi hiyo inaisogeza tarehe yenyewe badala ya kuiua notisi.

Sita, notisi yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa lugha anayoisoma mpangaji. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba. Usimtukane, usitaje kabila lake wala wageni wake wa usiku, usimtishie polisi. Karatasi hii itasomwa kwa sauti mbele ya watu siku moja, na wewe utakuwa umeketi hapo.

Mfano ufuatao ni wa nyumba ya kuishi, kundi la tatu. Mkataba wa mwaka uliisha Februari 2026 na mpangaji akaendelea kulipa kila mwezi.

*12 Agosti 2026*

*Kwa: (majina kamili ya wapangaji wote kama yalivyo kwenye mkataba)*
*Nyumba nambari B4, ghorofa ya 2 (jina la jengo, barabara, mtaa)*

*KUH: NOTISI YA KUKATISHA UPANGAJI WA NYUMBA NAMBARI B4*

*1. Uliingia kwenye nyumba hii kwa mkataba wa tarehe 1 Machi 2025. Mkataba huo uliisha tarehe 28 Februari 2026, na tangu hapo umekuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi kwa kodi ya Sh18,000 inayolipwa tarehe 1 ya kila mwezi.*

*2. Kipengele cha 9 cha mkataba kinakataza kupangisha nyumba kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kati ya tarehe 5 Juni na 8 Julai 2026 uliikodisha kwa wageni wa muda mfupi. Nilikuandikia tarehe 10 Julai 2026 nikakupa siku 14 uache. Tarehe 1 na 8 Agosti 2026 wageni wengine wawili waliingia.*

*3. Mbali na ukiukaji huo, upangaji wako ni wa mwezi hadi mwezi, na ninaukatisha kwa notisi hii. Utaisha tarehe 1 Oktoba 2026, au siku ya kwanza ya kodi itakayofika baada ya mwezi mmoja kutimia tangu upokee notisi hii, lolote litakalochelewa zaidi.*

*4. Siku hiyo, si baada ya saa sita mchana, unatakiwa kukabidhi nyumba ikiwa tupu pamoja na funguo zote. Kodi ya hadi siku hiyo inaendelea kudaiwa.*

*5. Malipo yoyote yatakayopokelewa kwa siku zitakazofuata kuisha kwa upangaji yatapokelewa kama fidia ya kukalia nyumba, si kodi, na hayataunda upangaji mpya.*

*6. Ukaguzi wa pamoja utafanyika tarehe 26 Septemba 2026 saa nne asubuhi. Dipoziti itarudishwa kwa masharti ya kipengele cha 4.*

*(Jina, sahihi na nambari ya simu ya mwenye nyumba au ajenti aliyeidhinishwa)*

*Nimepokea nakala: jina, sahihi, tarehe na saa.*

Aya ya 2 na ya 3 zimetenganishwa kwa makusudi. Ikiwa mpangaji atathibitisha kwamba wageni wale walikuwa binamu zake, aya ya 3 bado inasimama kwa miguu yake. Kwa mkataba wa muda maalumu huna bahati hiyo. Aya ya kosa ndiyo mzizi wa yote, kwa hiyo uiandike kwa urefu na uambatishe ushahidi.

Ambatisha nakala ya barua ya onyo, ukurasa wa mkataba wenye kipengele husika, na hesabu ya deni kama lipo.

Saba, kuifikisha

Chapa nakala tatu: ya mpangaji, ya kurudi na sahihi, na ya akiba. Mpelekee mkononi, wewe na mtu mzima mwingine asiyeishi kwako. Akikataa kusaini msigombane. Iache mbele yake, na shahidi aandike nyuma ya nakala yako: tarehe, saa, mahali, maneno aliyosema mpangaji, kisha asaini. Kesi ikifika mahakamani shahidi huyo ndiye atakayeapa hati ya kiapo, kwa hiyo usimchague mtu anayehamahama.

Siku hiyo hiyo tuma pia kwa barua ya rejista kupitia Posta na utunze risiti, halafu piga picha ya notisi na uitume kwa WhatsApp na barua pepe. WhatsApp isiwe njia pekee, ila alama mbili za buluu zimewahi kuokoa wengi pale mpangaji anapoapa kwamba hajaona kitu. Kubandika mlangoni ni nyongeza ya mwisho. Upepo, watoto na mpangaji mwenyewe wote wanaweza kuibandua.

Kwa maduka: Fomu A na miezi miwili

Duka lina njia yake, na hapa hakuna ubunifu. Notisi iandikwe kwenye Fomu A iliyowekwa na kanuni za Sura ya 301. Barua ya wakili yenye nembo ya dhahabu haichukui nafasi yake. Ijaze kama ilivyo, itaje sababu mojawapo za kifungu cha 7, na imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali kutii au hakubali. Haianzi kufanya kazi mpaka ipite miezi isiyopungua miwili tangu mpangaji *aipokee*. Tarehe uliyoiandika juu haihesabiwi. Notisi iliyopungukiwa hata siku moja ni karatasi ya kufungia maandazi.

Sababu zinazohusu ukiukaji ni tatu: kutotunza jengo mpaka likachakaa, kutolipa kodi kwa miezi miwili baada ya kupaswa kulipwa au kuichelewesha mara kwa mara, na uvunjaji mwingine mkubwa wa wajibu wa mpangaji. Kwa kodi, andika miezi yenyewe na tarehe ilipolipwa kila moja. Anayechelewesha mara kwa mara anathibitishwa na orodha ya tarehe za M-Pesa, hata kama leo hana deni.

Sheria hii pia imetaja namna ya kufikisha: mkononi mwake, kwa mtu mzima wa familia yake, kwa mfanyakazi aliyeajiriwa au anayeishi humo, au kwa barua ya rejista. Mhudumu wa duka anatosha, lakini andika jina lake kamili.

Mpangaji akipeleka lalamiko kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Asipojibu wala kulalamika, upangaji unaisha kwa tarehe iliyoandikwa.

Pesa zinazoingia baada ya notisi

Hiki ndicho kitanzi cha siku hizi. Zamani mwenye nyumba alikataa tu bahasha mlangoni. Leo mpangaji anatuma Sh18,000 kwenye nambari ya paybill saa tano usiku, akaunti “B4”, na ujumbe wa kupokea unajiandika wenyewe. Kesho anasema: kodi imepokelewa, niko hapa kihalali.

Kodi ya kipindi kilicho ndani ya notisi ipokee bila wasiwasi kwenye upangaji wa mwezi hadi mwezi. Bado ni mpangaji wako. Kwa mkataba wa muda maalumu mambo ni tofauti. Ukipokea kodi iliyoanza kudaiwa baada ya haki yako ya kuchukua nyumba kufunguka, umeisamehe haki hiyo. Kabla ya kuigusa, ongea na wakili.

Pesa ikiingia *baada* ya upangaji kuisha, jibu siku hiyo hiyo kwa maandishi: *“Nimepokea Sh18,000 leo. Upangaji uliisha tarehe 1 Oktoba 2026. Nimeipokea kama fidia ya kukalia nyumba, si kodi, na haiundi upangaji mpya.”* Mwezi wa pili usipokee kabisa, irudishe kwa muamala unaoonekana. Miezi miwili ya kupokea kodi kimya kimya inamfufua mpangaji wako kama mpangaji mpya wa mwezi hadi mwezi, na unarudi kwenye notisi ya kwanza. Mwambie na ajenti wako, maana mfumo wake wa risiti hutuma “Asante kwa kulipa kodi ya Novemba” bila kumuuliza mtu.

Jambo jingine ni dipoziti. Mpangaji atakuambia “kaa na dipoziti, mwezi wa mwisho silipi”. Ukikubali, umebaki bila kinga ya vioo vilivyovunjika na bili ya maji. Kataa kwa maandishi, au ukubali ukijua unachokiacha.

Asipotoka

Usibadilishe kufuli. Usitoe mlango, usiezue mabati, usikate maji wala stima, usimtume kijana wa kubeba vyombo nje. Usijitetee kwamba uliingia kwa amani: nyumba yenye watu, kitanda na sufuria jikoni haina amani ya namna hiyo. Ukijichukulia sheria mkononi, mpangaji ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika mahakamani, atapata amri ya kumrudisha ndani, na wewe mwenye haki utalipa fidia. Kushika vyombo kwa ajili ya deni ni kazi ya dalali mwenye leseni, na kwa nyumba zinazolindwa na Sura ya 296 na 301 anahitaji ruhusa kwanza.

Kwa nyumba za kundi la tatu na la nne, fungua kesi wiki hiyo hiyo tarehe inapopita, kwenye mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi kutegemea thamani. Omba vitu vitatu kwa pamoja: kurudishiwa nyumba, deni la kodi, na fidia ya kila mwezi mpaka atakapotoka. Kama ameshaondoka na kilichobaki ni deni lisilozidi Sh1,000,000, mahakama ya madai madogo ni ya haraka zaidi. Mahakama hiyo haisikilizi ugomvi wa nani akalie nyumba, kwa hiyo usiipelekee kesi ya kumtoa mtu.

Faili lako liwe na mkataba, hati ya umiliki au mamlaka ya ajenti, barua ya onyo, notisi yenye sahihi, risiti ya rejista, hesabu ya kodi na taarifa ya M-Pesa ya miezi 12. Zipange kwa tarehe na uziwekee nambari za kurasa.

Siku ya kukabidhi

Nendeni chumba kwa chumba na orodha ya siku aliyoingia. Piga picha mita ya stima na ya maji, namba zikisomeka. Hesabu funguo: mlango wa mbele, chumba, geti, sanduku la barua, na ile ya akiba aliyopewa dada wa kazi. Andikeni kilichoharibika na gharama yake, msaini wote wawili, na utaje siku dipoziti itakaporudishwa na itakavyokatwa. Uchakavu wa kawaida haukatwi: rangi iliyofifia baada ya miaka miwili ni yako, tundu la msumari wa runinga ya inchi 55 ni lake. Akiwa ameacha vitu, viorodheshe mbele ya shahidi, vipige picha, na umwandikie siku ya mwisho ya kuvichukua kabla hujavihamisha popote.